Kwaya Yenye Njumu

Uongo wenyewe haukuanza kwangu. Ulianza kwa kipa wetu, msichana wa Ogembo aliyekuwa mrefu kama mkaratusi. Jumapili moja alirudi kwao na matope hadi magotini, na mama yake akamuuliza alikotoka. Akajibu kwamba alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya mjini Kisii. Mama akayatazama yale matope, akauliza ni kwaya gani hiyo inayoimbia bondeni. Kipa akasema mwalimu wao anaamini sauti hutoka vizuri zaidi mtu akiwa amesimama kwenye majani mabichi. Mama akaridhika. Kufikia Jumapili iliyofuata, timu nzima ya mpira ilikuwa imegeuka kwaya.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Ikonge nikichuna chai na mama, nikingoja maisha yaje yanichukue. Mpira nilikuwa nimejifunza kwa kaka zangu, kwenye kiwanja kilichoinama kama paa. Kwetu hakuna mahali tambarare. Mpira ukikupita, unaufuata hadi mtoni, na wewe uliyeupoteza ndiye unayepanda nao tena mlima. Ukicheza hivyo tangu utotoni, unajifunza kutoruhusu mpira ukupite. Sijui kama kuna siri nyingine zaidi ya hiyo katika uchezaji wangu.

Kocha wetu alikuwa mama wa makamo aliyeuza viatu vya mitumba kwenye soko la Daraja Mbili. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa netiboli, na goti lake la kulia lilikuwa bado linamkumbusha. Kila bunda la viatu lilipofunguliwa, yeye aliweka kando njumu zote kabla wateja hawajainama. Tatizo ni kwamba njumu za mitumba haziji kwa jozi kila mara. Wengine wetu tulivaa mguu mmoja mweusi na mwingine wa kahawia. Wangu wa kushoto ulikuwa mkubwa, nikaujaza majani makavu ya mgomba, na nilipokimbia ulitoa sauti kama ng'ombe anayetafuna.

Sare tulizipata kwa Mhindi wa duka la vitambaa. Yule mzee alizaliwa hapo hapo Kisii, na alijua Ekegusii cha sokoni kuliko sisi tuliopitia shule. Ukijaribu kumpunguzia bei alikutania kwa lugha yako hadi ukaona aibu, ukalipa. Kocha alimwendea akamwomba msaada wa kitambaa cha kwaya. Mzee akatoa jora lililokuwa limekataa kununuliwa, la zambarau lenye maua makubwa ya manjano, kitambaa cha mapazia. Akaanza kupima cha kutosha mikono mirefu. Kocha akamwambia hapana, hii kwaya huimba mikono ikiwa wazi. Akataka kupima cha magauni. Kocha akasema hata huko chini wasiwe na kitambaa kingi. Mzee akaweka mkasi mezani, akamtazama, akauliza kwa Ekegusii ni saa ngapi hiyo kwaya inacheza. Toka siku hiyo hakukosa mechi yetu hata moja. Alisimama pembeni na mwavuli, akimtusi refa kwa methali za wazee wetu.

Kocha alijua kwamba uongo mdogo hufa usipolishwa. Kwa hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa kwa wazazi, amevaa gauni refu na kitambaa kichwani, akitembea polepole kwa ajili ya goti, jambo lililomfanya aonekane mcha Mungu kupindukia. Alipofika kwetu, baba alimkaribisha kwa heshima. Lazima niseme jambo kuhusu baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa mtu asiyeongeza hata chumvi kwenye habari. Ukimwambia mvua imenyesha Nyamira, alitaka kujua ni upande gani wa Nyamira. Sisi tuliabudu Jumamosi, hivyo mazoezi ya Jumapili hayakumsumbua. Alichotaka kujua ni mimi huimba sauti gani.

Kocha hakusita. "Huyu wako huwa katikati," akasema. "Ndiye anayeunganisha wa nyuma na wa mbele."

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza juu ya yule msichana mrefu wa Ogembo aliyekuja naye.

"Huyo hukaa nyuma kabisa. Bila yeye tungekuwa tunaaibika kila wiki."

Baba akasema ni kweli, besi ni kitu cha maana. Mimi nilikuwa jikoni na mama nikimenya ndizi, na nilimenya hadi nikamenya kidole.

Mama ndiye aliyegundua kwanza. Alikuta kaptula ya maua kwenye begi langu alipokuwa akitafuta sabuni. Kesho yake tukiwa kwenye chai, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, aliniuliza bila kugeuka kama siku hizi wanakwaya huvaa kaptula. Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili. Akachuna hadi mwisho wa mstari. Nikaona mikono yake haijabadilisha mwendo, nikashindwa kujua niogope au nisiogope.

"Mnashinda?" akauliza.

"Mara nyingi."

"Basi niletee hiyo kaptula niongeze pindo. Ni fupi." Akatupa majani kikapuni. "Na ya kumwambia tata yako, huyo mzee wa kanisa, ni yako. Mimi sijui kitu."

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama kanisa letu lisingepata paa jipya la mabati. Baba, kwa fahari yake, alisimama mbele ya wazee wenzake akaahidi kwamba siku ya kulizindua kutakuwa na kwaya kutoka mjini, ile ambayo binti yake anaimbia. Alinipa habari hiyo jioni, kama zawadi. Nilikimbia kumpelekea kocha. Yeye alikaa juu ya bunda la viatu, akafikiri, akauliza kama wote tunaujua ule wimbo wa kukimbilia.

Wimbo wa kukimbilia ulikuwa wetu wenyewe. Tuliutunga tukipanda vilima wakati wa mazoezi, na maneno yake yalikuwa ya kuwatukana mabeki wa timu ya Nyamira mjini. Kocha akaamuru pale penye beki tuweke Shetani. Tulipoujaribu tukaona umekubali bila shida yoyote. Shetani alipigwa chenga, Shetani aliachwa chini akitafuta roho badala ya mpira, na mwisho tulimfunga.

Siku ya paa tulipanga mistari mbele ya waumini, tumevaa magauni ya kuazima. Hatukujua kuimba tukiwa tumesimama. Wimbo ule ulikuwa umezoea miguu, na ubeti wa kwanza haukuisha kabla hatujaanza kukimbia papo hapo, magoti juu, mikono kiunoni. Kina mama wa mbele wakasimama, nao wakaanza kukimbia. Kufikia Shetani anafungwa, kanisa zima lilikuwa linaruka na mabati mapya yanatikisika. Mchungaji alisema hajaona roho ikishuka kwa kasi namna ile. Mwanamke mmoja mzee alitushika miguu tulipokuwa tukitoka, akasema kwaya hii imelishwa vizuri. Baba alisimama mlangoni akipokea mikono ya watu kama bwana harusi.

Sasa, wakati huo timu ya taifa ya wanawake ilikuwa bado changa. Watu wengi hawakujua ipo. Ile ya wanaume ilijulikana na kila mlevi. Ya wanawake ilikuwa kama mtoto aliyezaliwa nyumbani, bado hajaandikishwa popote. Walikuwa wakizunguka mikoani kutafuta wachezaji, na siku moja bwana mmoja mwenye kofia na filimbi akaja kututazama uwanjani Kisii tukicheza na wasichana kutoka upande wa ziwani. Hatukujua kama ndiye. Tulidhani ni mgeni wa Mhindi, kwa sababu walisimama chini ya mwavuli mmoja. Kipa wetu alidaka penalti siku hiyo kwa mkono mmoja, jinsi alivyozoea kudaka mikungu ya ndizi ikirushwa kutoka kwenye lori. Mimi nilikimbia, sikuruhusu mpira unipite, basi.

Baada ya mechi bwana yule alituita sisi wawili kando. Akasema anatutaka kambini Nairobi. Kipa alikuwa tayari ameruhusiwa, kwa sababu mama yake alikuwa ameletewa habari na watu wa sokoni na akachoka kukasirika. Bwana akanigeukia mimi. Alisema hachukui binti wa mtu bila idhini ya nyumbani, kwa maana aliwahi kufuatwa na mzazi mmoja mwenye panga.

"Baba amekubali?" akauliza.

Hapa wasiotujua wanahitaji kuelezwa. Kwa Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Ndivyo tulivyozaliwa tukaikuta. Bwana yule alikuwa mtu wa mbali na hakulijua hilo, na mimi sikuona kwamba huo ndio wakati wa kumfundisha lugha.

"Baba amekubali," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata kaptula hii ni yeye ameishona pindo."

Akaitazama ile kaptula, akanitazama mimi, akasema kama kila msichana angekuwa na baba wa namna hiyo nchi ingefika mbali. Kipa aliinama kufunga kamba za njumu zilizokuwa zimefungwa tayari, na hakuinuka kwa muda mrefu.

Tata wangu naye, yule baba wa Kiswahili, aliambiwa na kocha, aliyevaa tena lile gauni refu, kwamba mimi na yule wa Ogembo tumechaguliwa kwenda Nairobi kuwakilisha taifa. Hakusema kwaya. Hakusema si kwaya. Baba alijaza mwenyewe pale palipobaki wazi. Asubuhi yake alipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai na kutangaza kwamba bintiye ataimbia nchi. Kisha akaanza kuzunguka nyumba za jirani, kwa sababu baadhi yao hawakuwa na chai na wangekosa habari.

Kambi ilikuwa kwenye ukumbi wa shule, magodoro sakafuni. Jezi tulizopewa zilikuwa za wanaume, za zamani, na yangu ilinifikia magotini hata mama asingehitaji kuongeza pindo. Wenzetu wa Nairobi walicheza vizuri na kuongea haraka, na walitucheka tulivyosema. Lugha yetu haina herufi ya P, na ulimi ukichoka unarudi nyumbani. Siku ya kwanza ya mazoezi nilikuwa peke yangu pembeni, nafasi wazi kabisa, nikampigia kelele mshambuliaji wetu anipe pasi. Lakini kilichotoka kinywani ni "Basi! Basi!" Mwenzangu akasimama, akaushika mpira kwa mikono, akauliza kuna nini. Kocha wa taifa akapuliza filimbi akataka kujua nani amesimamisha mchezo. Baada ya hapo wote walijua kwamba mimi nikisema basi, ndiyo kwanza mambo yanaanza. Ilitusaidia. Hakuna mpinzani aliyewahi kunikaba nikisema basi.

Mechi tuliyoandaliwa ilikuwa ya kirafiki, na timu ya nchi jirani. Tulipanga mstari wimbo wa taifa ukapigwa, nikaimba kwa nguvu zote, na kando yangu kipa akaninong'oneza kwamba tata yangu hakudanganya mtu, hata kidogo. Nikakosa ubeti mzima kwa kucheka. Watazamaji hawakuwa wengi. Wengine nadhani walikuwa wamekuja kujikinga jua. Lakini kulikuwa na mtangazaji wa redio, na hilo hatukulijua.

Niliingia kipindi cha pili tukiwa tumeshafungwa mabao matatu. Wale jirani walikuwa wanacheza kama watu waliolishwa pamoja. Nilichezea matope zaidi kuliko mpira, hadi dakika za mwisho mpira ulipodunda ukaja miguuni kwangu mbali na goli, na hakuna aliyekuwa karibu kuniambia la kufanya. Kutoka mwisho wa uwanja nikasikia sauti ya kipa wetu. "Aka!" Yaani piga. Neno la nyumbani, lile lile nililozoea kupigiwa kelele nikiwa na ng'ombe au nikikutana na nyoka. Nikapiga. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi, na msichana mmoja wa Mombasa akausukuma wavuni kwa goti. Tulifungwa tatu kwa moja, lakini ukituona tulivyokumbatiana ungedhani hesabu ni kinyume.

Yaliyotokea Ikonge saa hiyo hiyo niliyapata baadaye kwa mama. Watu walikuwa wamekaa kwenye kituo cha chai wakingoja lori, baba katikati yao, na redio ya mtu mmoja ilikuwa imewekwa juu ya mizani. Mtangazaji akataja jina langu, akataja la baba, akaongeza kwamba ni binti wa kutoka Nyamira na ana mguu mzito. Kisha mwenye redio, mtu mpole asiye na ubaya, akamwambia baba kwa masikitiko, "Mzee, hii kwaya yenu imefungwa tatu."

Baba alifika nyumbani akamuuliza mama kama alijua. Mama akasema yeye alijua habari ya kaptula tu.

Niliporudi nilimkuta baba ameketi nje, na kiti cha pili kikiwa kimewekwa mbele yake. Nilikaa. Nilitegemea kelele, na nilikuwa nimetayarisha majibu mazuri njia nzima. Hakupiga kelele.

"Mpira wenyewe sina ugomvi nao," akasema. "Nimetafuta kwenye Maandiko na sikuuona. Lakini umenifanya niwaambie watu jambo ambalo si kweli, kwa kinywa changu mwenyewe. Wengine niliwafuata hadi kwao."

Nikamwambia nisamehe, tata. Akasema kusamehe si kazi ngumu, kazi ngumu ni kuzunguka. Asubuhi yake akavaa koti lake la kanisani, akaniambia nifuatane naye. Alikusudia kurudi kila nyumba aliyowahi kuingia na ile habari, airekebishe.

Nyumba ya kwanza alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Nilikuja hapa nikasema binti yangu ni mwimbaji wa taifa. Si kweli. Ni mchezaji mpira." Mwenye nyumba, mama wa watoto wengi, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama ni mpira ule wa redioni. Baba akasema ndiyo. Akaturuhusu kuondoka tu baada ya kunilisha ndizi na kunifanya niupige mpira wa matambara wa watoto wake upite juu ya choo. Nyumba ya pili walitaka kujua kama nimeona jengo refu la Nairobi. Ya tatu bibi mmoja alimgombeza baba, si mimi. Alisema yeye alijua siku ya paa, kwamba hakuna kwaya duniani yenye misuli ya aina ile, na mwanamume asiyejua miguu ya watoto wake ana kazi gani nyumbani. Baba alipokea hayo akiwa ameshika kofia yake. Alikuwa amekuja kutubu, na hakutarajia kwamba kungekuwa na foleni ya kumsaidia.

Mahali fulani kati ya nyumba na nyumba, ungamo lake lilianza kurefuka. Mwanzo lilikuwa "ni mchezaji mpira." Kisha likawa "ni mchezaji mpira, wa katikati." Tulipofika upande wa mtoni tayari lilikuwa na mwamba wa goli ndani yake, na umbali wa ule mpira nilioupiga ulikuwa ukiongezeka kila tulipovuka ua. Mimi nilitembea nyuma yake nikimsikiliza, yule mtu asiyeongeza chumvi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mwenzake wa kanisani, asiyesikia vizuri, mtu waliyebishana naye tangu utoto wao. Tulikaribishwa chai. Mzee alisema ameshasikia yote redioni, isipokuwa kitu kimoja hakukielewa: mtangazaji alisema kuna msichana wetu alifunga mapema, bao likakataliwa kwa sababu ameotea. Ameotea nini? Baba hakuwahi kutazama mechi nzima maishani mwake. Akavuta vikombe vyote katikati ya meza. Birika akalifanya kipa. Kopo la sukari na chupa ya maziwa akavifanya mabeki. Kikombe changu, kilichokuwa bado kimejaa, ndicho kilichokuwa mshambuliaji, na akakisukuma taratibu hadi nyuma ya birika, nje kabisa ya uwanja, akaeleza kwa sauti kubwa kwamba mtu akifika hapo lazima aombe ruhusa ya refa ndipo arudi.

Mzee akauliza kama refa anaweza kukataa. Baba akasema anaweza, inategemea tabia yake uwanjani.

Wote wawili wakanigeukia nithibitishe. Nikasema ni hivyo hivyo. Baba akaitikia kwa kichwa, akaongeza beki mwingine, kijiko, na chai yangu ikaendelea kupoa huko nyuma ya goli.